Kuku Wasioonekana

Siku Anselmo Dumlao alipokufa, Leonila Fogata alikuwa njiani kwenda kumhoji. Alishuka kwenye bajaji mwanzo wa kichochoro, akalipa nauli, akaona moshi. Mbele ya lango la nyumba ya pili kutoka mwisho gogo lilikuwa limelazwa chini, likiungua polepole upande mmoja. Hapa San Narciso, Ufilipino, gogo la namna hiyo haliwashwi kwa ajili ya kupika. Huwashwa mtu anapokata roho, na huachwa lifuke mpaka azikwe.

Leonila alisimama, akarudisha kalamu mkobani.

"Umechelewa, afande," alisema mzee aliyekuwa akichochea gogo kwa fimbo. "Ametutoka alfajiri."

"Nimeona moshi."

"Ulikuja kumkamata?"

"Nilikuja kumuuliza maswali."

"Basi hatakujibu tena hata umtie pingu."

Leonila alikuwa amestaafu polisi Olongapo zamani, lakini watu waliendelea kumwita afande, wengine kwa heshima, wengine kwa mzaha. Kazi yake sasa ilikuwa ya chama cha mabaharia wa zamani: kupima ushahidi wao kabla ya rufaa kusikilizwa. Wazee hao walikuwa wengi mjini. Walichukuliwa ujanani na jeshi la majini la Marekani, wakapewa koti jeupe na sinia, wakahudumia meza za maofisa melini wakati wa vita vya Vietnam. Sasa kisukari kilikuwa kimewafikia mmoja baada ya mwingine.

Sheria ya mwaka ule wa 2012 ilikuwa fupi. Aliyekanyaga nchi kavu ya Vietnam alihesabiwa kuwa amekutana na sumu ya kuulia majani, na kisukari chake kikawa cha vita. Aliyebaki melini, kisukari chake kilikuwa cha wali na cha ukoo. Wa kwanza alipewa fidia. Wa pili alipewa barua.

Anselmo alipewa barua mbili. Alidai kwamba alishuka mara moja ufukweni Da Nang, akiwabebea maofisa chakula cha mchana. Kumbukumbu za meli ziliwataja maofisa kwa majina, zikamtaja na mshika usukani wa mashua. Mhudumu hakutajwa. Barua ya pili ilisema kuwa maelezo ya mdai hayaaminiki.

Puring, mkewe, alikuwa jikoni akimimina kahawa ya wafiwa. Hakuwa amelia bado, au alikuwa ameshamaliza.

"Pole sana, Manang Puring," Leonila alisema, akimwita kama dada mkubwa anavyoitwa.

"Kaa, mdogo wangu. Sukari utie mwenyewe, mimi nimezoea kuificha." Alimsogezea kikombe. "Rufaa nayo imekufa?"

"Haijafa. Mjane anaruhusiwa kusimama mahali pa mume, akiomba mapema."

"Basi nasimama."

"Itakuwa safari ndefu, Manang. Na ushahidi wenyewe ni mwembamba."

"Nimempeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa basi. Safari ndefu unanieleza mimi?" Puring alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Sikiliza. Figo hazikumvunja moyo. Mguu walipomkata hakuvunjika moyo. Lile neno, hayaaminiki, ndilo lililomnyamazisha. Nataka walifute. Wakilifuta na wasinipe kitu, nitawashukuru hivyohivyo."

"Shahidi aliyemharibia ni nani?"

"Yule Mmarekani aliyeendesha mashua, Vernon. Selmo alimtafuta mwenyewe kwa barua. Naye akaandika kwamba hakumbuki Selmo kwenda popote, alimwona tu akifukuza kuku."

"Kuku?"

"Kuku. Selmo alisoma akaniuliza, 'Kuku gani, Puring?' Kama mimi nilikuwepo. Hakumwandikia tena."

Sebuleni wacheza karata walikuwa wameanza kugombana kwa sauti ya chini. Puring alitega sikio, kisha midomo yake ikalegea kidogo.

"Alikuwa mtu wa vituko. Siku ya kutoka hospitali bila mguu alisimamisha kiti chake cha magurudumu mlangoni, akageuka nyuma, akaanza kuita. 'Selmo, twende. Usibaki humu.' Halafu akauita na mguu. 'Na wewe twende.' Mgonjwa mmoja akamwambia, 'Mzee, ukikufuata utauvalisha kiatu cha nani?' Manesi walicheka mpaka wakakaa chini."

Puring alianza kucheka, akaacha. Leonila hakuliandika hilo. Halikuwa na uhusiano na kesi.

*

Walimzika Jumamosi. Mvua ilikuwa imekatika na makaburi yalinuka nyasi na nta. Leonila alisimama nyuma, mahali polisi wanaposimama, akiangalia nani amekuja na nani anaondoka haraka. Aliyeondoka haraka alikuwa Melquiades Apolinar, ambaye mji mzima unamwita Kidis. Alihudumu na Anselmo meli moja, na jalada lilikuwa na maelezo yake, yamepigwa chapa vizuri, yakisema kila kitu ambacho rufaa ilihitaji. Ndiyo maana Leonila hakuyapenda.

Watu walipoanza kutawanyika, Puring alibaki wa mwisho. Aligeukia kaburi, akanyoosha mkono, kiganja chini, akavuta hewa kuelekea kwake mara tatu.

"Puring, twende. Usibaki hapa. Twende nyumbani."

Kila mtu alifanya vivyo hivyo alipopita, kwa sauti au kimoyomoyo. Leonila naye alijiita. Mkwe wa Puring, Craig, aliyekuja kutoka San Diego na viatu visivyofaa tope, alimwinamia mkewe Marivic.

"Mama anafukuza nini? Nzi?"

"Anajiita."

"Anajiita yeye mwenyewe?"

"Roho yake. Ukiondoka mahali pabaya au pageni, unaiita, isije ikabaki ukaenda kuugua nyumbani bila sababu. Twende garini, Craig."

"Na yangu niiite?"

"Yako haijui njia ya hapa. Twende."

*

Kidis alikuwa uani kwake akiwalisha majogoo wa kupigana, kila mmoja amefungwa kamba mguuni mbali na mwenzake. Hakushangaa kumwona.

"Afande. Umekuja kuweka dau?"

"Nimekuja na maelezo yako, Manong." Leonila alimwita kama kaka mkubwa anavyoitwa, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Goti lilimuuma. "Uliyaandika mwenyewe?"

"Niliyasaini mwenyewe."

"Sikuuliza saini."

Kidis alimwagia jogoo mmoja mahindi. "Kuna mtu kule mjini Iba anasaidia watu."

"Namjua. Kishoka. Sikiliza anavyosaidia." Leonila alisoma. "'Niliona kwa macho yangu ndege zikinyunyiza unga mweupe juu ya vichwa vyetu, mimi na mwenzangu tukiwa bega kwa bega.' Sentensi hii nimeikuta kwenye majalada ya watu wanne. Unga uleule, bega lilelile. Mmoja wao alikuwa kwenye nyambizi, Manong. Ndege ilimnyunyizia wapi?"

Kidis alicheka kwa pua, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki.

"Ulikuwa ufukweni siku ile?" Leonila aliuliza.

"Sote tulikuwa karibu na ufukwe."

"Melini au mchangani?"

"Meli ilikuwa karibu sana."

"Manong, mimi nimechoka na wewe umechoka. Jaji atakuuliza swali hilihili, na wewe utakuwa umeapa."

Kidis aliweka chini kopo la mahindi. Alitembea polepole hadi kwenye benchi, akichechemea kwa mguu wa kulia. Alikuwa amevaa kandambili upande mmoja na bandeji upande wa pili.

"Nilikuwa na matumbwitumbwi," alisema. "Uso umevimba kama papai. Walinifungia chumba cha wagonjwa peke yangu, na melini wote wakapata cha kuchekea. Zamu ya kubeba chakula cha maofisa ilikuwa yangu. Selmo akaichukua."

"Kwa hiyo hukumwona akishuka ufukweni."

"Jioni alikuja mlangoni akanitania. Akasema nimekosa upepo mzuri. Hilo nililisikia. Kuona, sikuona kitu, macho yenyewe yalikuwa yamefumba."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Kishoka alisema 'nilisikia' haina uzito. 'Niliona' ndiyo yenye uzito."

"Uongo wako ukijulikana, hata yale ya Selmo ya kweli yataoza nao. Lazima uyaondoe maelezo haya."

"Nikiyaondoa atabaki na nini?"

"Sijui bado."

Kidis alitazama bandeji yake. "Ilikuwa zamu yangu, afande. Sumu ile ilikuwa yangu. Na kisukari kimenipata vilevile, bila kushuka. Ndiyo maana mimi sikudai. Ningewaambia nini? Nimekipata kwa kuchekwa?"

Leonila alimpa kalamu. Wakati akisaini, aliuliza jambo moja la mwisho.

"Selmo na kuku, kulikuwa na habari gani?"

"Kuku?" Kidis alionyesha majogoo wake kwa midomo. "Selmo alikuwa haingii uani humu. Aliwahi kudonolewa utotoni. Angemwona kuku ufukweni angerudi melini kwa kuogelea."

*

Puring alipopata habari hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo umekuja kwangu ukala, ukanywa, kisha umekwenda kumtoa shahidi wangu wa pekee."

"Hakuwa shahidi, Manang."

"Alikuwa na karatasi."

"Ya uongo."

"Selmo alisema kweli bila karatasi, wakamwita mwongo. Kidis akisema uongo na karatasi, wewe unamwita mwongo. Mwenye kuaminiwa ni nani katika dunia hii, mdogo wangu? Nionyeshe nimpikie."

Leonila alifungua jalada. Tarehe ya kusikilizwa ilikuwa imesogezwa hadi Februari, na jaladani kilibaki kipande kimoja cha ushahidi, cha Vernon Stukel wa Nebraska, ambacho kilipinga. Alikisoma tena pale pale mezani, huku Puring akimpa mgongo na kuosha vyombo.

Kilikuwa kifupi. Vernon hakumkumbuka mhudumu Dumlao kwenda mahali popote. Alimkumbuka wakati wa kuondoka tu, karibu na mashua, akipunga mkono kuelekea kwenye majani, akifukuza kuku. Leonila alirudia sentensi ya mwisho. Maofisa wameshakula. Mashua inaondoka. Mtu anayeogopa kuku anachelewesha safari ili akawafukuze kuku walio majanini, wasiomkaribia.

Sinki lilinyamaza. Puring alikuwa anakung'uta maji mikononi, viganja chini.

"Craig alisema unafukuza nzi," Leonila alisema.

"Craig ni mtoto mzuri. Hajui kitu."

"Na Vernon hajui kitu."

Puring aligeuka.

"Selmo alikuwa anajiita kila mahali?" Leonila aliuliza.

"Kila mahali. Hospitali, uwanja wa ndege, harusini kwa watu asiowajua. Basi lilimwacha mara mbili kwa ajili hiyo. Mbona unauliza?"

"Angekumbuka kwamba alijiita siku ile?"

"Wewe unakumbuka kwamba ulifunga mlango asubuhi?"

"Naomba kompyuta ya Marivic," Leonila alisema. "Na naomba utoke chumbani nikiongea."

"Nitoke kwenye nyumba yangu?"

Walikubaliana kwamba angekaa pembeni, asionekane, asiseme neno.

*

Asubuhi ya San Narciso ilikuwa jioni ya Nebraska. Vernon Stukel alitokea kwenye kioo akiwa na shati la drafti na mrija wa hewa puani. Nyuma yake kulikuwa na sufuria na kalenda ya duka la mbegu.

"Pole kwa msiba," alisema. "Lakini nilishasema yote, mama."

"Naomba uyaseme tena, kana kwamba mimi sijui chochote."

Alivuta pumzi. "Niliwapeleka maofisa watatu ufukweni. Walikula. Mimi nilibaki na mashua, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanaipindua pindua. Walipomaliza wakapanda. Yule kijana akawa anafukuza kuku. Tukaondoka."

"Kijana yupi? Wahudumu wa Kifilipino mlikuwa nao kadhaa."

"Dumlao. Mwingine, yule mwenye zamu, alikuwa amefungiwa na matumbwitumbwi. Meli nzima ilikuwa inamwita Papai."

Leonila aliandika neno hilo. Hakuwa amemtajia Vernon ugonjwa wowote.

"Kuku ulikuwa unawaona?"

Vernon alifungua mdomo, akaufunga. "Sasa ukiniuliza hivyo. Nadhani walikuwa majanini."

"Uliwasikia?"

"Injini ilikuwa inanguruma."

"Dumlao alielekea wapi?"

"Kwenye miti. Alinipa mgongo."

"Na miguu yake ilikuwa wapi?"

"Miguu?"

"Ndani ya mashua au nje?"

"Nje, mama. Juu mchangani, karibu na majani. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Kamanda ananikodolea macho, mashua inakwenda upande, na mhudumu yuko kule juu anapunga mkono."

Pembeni kiti kililia. Leonila aliinua kidole bila kugeuka.

"Bwana Stukel, uliandika kwamba hakwenda mahali popote."

"Hakwenda. Waliniuliza kama alikwenda mahali. Mjini hakwenda, kambini hakwenda. Alisimama tu ufukweni na sahani zake." Alisogeza uso karibu na kioo. "Nani angedhani kwamba hakuwa ufukweni? Chakula kilitembea chenyewe?"

"Ofisi ya fidia ilidhani."

Vernon aliegemea tena kiti. Mrija ulitoa sauti ndogo.

"Nionyeshe mkono," Leonila alisema. "Alivyokuwa akiupunga."

Mzee aliinua mkono wa kulia. Kiganja kilitazama chini. Vidole vilivutwa kuelekea kifuani, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Hivi. Na alikuwa anaongea nao. Mimi nimekulia shambani, sikuona ajabu."

"Utaapa mbele ya jaji kwamba alikuwa mchangani?"

"Hata sasa."

"Na kwamba uliona mkono ukienda hivyo?"

"Nimeshakuonyesha."

Leonila aliandika mpaka mwisho wa mstari, akaandika saa, akafunga kalamu. Hapo tu ndipo alipomwita Puring kwa kichwa. Puring alikuja akainama mbele ya kioo, karibu mno, kama watu wanaochungulia dirishani.

"Huyu ni mke wake," Leonila alisema. "Sasa naweza kukueleza. Hakukuwa na kuku. Kwetu mkono ule haufukuzi, unaita."

"Alikuwa anamwita nani? Hakukuwa na mtu kule."

"Alikuwa anajiita mwenyewe. Ili asibaki. Mtu hajiiti kutoka mahali ambapo hakukanyaga."

Vernon alitazama mkono wake, ukiwa bado juu ya meza.

"Mimi walinipa fidia mwaka wa 2003," alisema. "Jina langu lilikuwa limeandikwa. Hawakuniuliza mara mbili. Mashua ileile, mama." Akamgeukia Puring. "Alikuja? Baada ya kujiita?"

"Alikuja," Puring alijibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Nimekaa naye miaka arobaini. Alikuja mzima."

*

Maelezo ya Kidis yameondolewa jaladani. Ya Vernon yameingizwa upya, pamoja na maelezo ya paroko kuhusu desturi ya kujiita. Jaji atawasikiliza kwa video kutoka Washington, wao wakiwa ofisini Manila, na Vernon ataapa mbele yake kutoka Nebraska kama afya itamruhusu. Daktari amepanga kumkata Kidis vidole vya mguu Januari. Hata hivyo ameomba aende Manila pamoja nao, asimame aseme alichosikia mlangoni, hata kama hakina uzito.

Leonila alimpeleka Puring kukata tiketi za basi. Walipotoka kituoni Puring alisimama, akatazama nyuma, akasita.

"Hapa ni kituo cha basi tu, Manang."

"Najua," Puring alisema, na bado akajiita.

Mdai sasa ni Puring, kwa jina lake kamili Purificacion Dumlao. Jibu huja kwa posta, baada ya mwaka, pengine miwili, na hufunguliwa na yeyote aliyepo nyumbani.